Mgonjwa Aliyenitukana

Dada Graciela,

Huku Buenos Aires baridi imeanza, na kitambi changu sasa hunitangulia mlangoni. Kliniki yetu imeleta akili bandia inayosoma mazungumzo yetu wanasaikolojia na wagonjwa, ili ipime kama tunaaminiana. Wagonjwa wangu wapole walinipatia alama za juu. Lakini Evaristo, yule aliyefiwa na mwanawe, huingia akisema, "We bwege mnene, bado hujafa?" Nami humjibu, "Nakusubiri utangulie, punda." Kisha ndipo yeye hulia. Mashine ikaandika kwamba uhusiano umevunjika, wakubwa wakamhamishia kwa mwenzangu.

Jana nilimkuta Evaristo kwenye ngazi. Nikamchokoza, "Punda, bado hujafa?"

"Shikamoo, daktari," akanijibu, akanipisha.

Machozi yake anayapeleka wapi sasa, dada?

Mdogo wako,
Horacio