Mama Anamtafuta Kamanda, na Kamanda Ni Mimi

Dada Apolonia,

Shikamoo. Hili sijamwambia mtu yeyote, hata padri kwenye kitubio, kwa sababu sijui kama ni dhambi: mimi ambaye mwalimu akiniuliza swali sauti inakwenda likizo, kila Jumamosi saa tisa naamrisha chombo cha anga. Niko kidato cha tatu hapa Shinyanga mjini na mimi ndiye Kamanda wa Klabu ya Nyota na Mazimwi, hatulipwi wala hatulipi, tunakaa juu ya magunia kwenye stoo ya Mzee Fazal mwenye duka, kwa kuwa mwanawe Fahim ndiye fundi mitambo wetu, na mama anajua niko kwa rafiki yangu Loveness tunasoma Fizikia, jambo ambalo ukilitazama kwa jicho moja ni kweli.

Ngoja ucheke kwanza kabla hujanigombeza. Vitabu vya mambo hayo tunavyopata ni vya Kiingereza, vimechakaa, basi mimi nasoma nyumbani halafu nawasimulia kwa Kiswahili, na pale mwisho ulipochanika tunautunga wenyewe. Kiingereza cha shule kinanitosha, ila Kiswahili changu kiliniponza siku moja, maana kiumbe wa sayari nyingine nilimwita "mgeni," na yule mgeni mwenye macho matatu alipotua kuja kuiteka dunia Loveness akasimama, "Ngoja kwanza, amenawa?" nikamwambia huyu amekuja na silaha, akasema, "Silaha aweke mlangoni, mgeni haachwi na njaa," Fahim akauliza ana umri gani, nikajibu miaka mia tatu, wote kwa pamoja, "Shikamoo!" na vita havikupiganwa tena, jeshi zima lilikula ugali na mlenda, nikacheka mpaka nikaanguka kutoka kwenye gunia, mimi, Dada, ambaye nyumbani nacheka nimefunika mdomo.

Sasa balaa. Tulitaka wanachama wapya, nikaandika tangazo kwa kalamu nene, Fahim akalibandika kwenye nguzo karibu na soko: "VIJANA WOTE! SAFARI YA MWEZI. Hakuna nauli. Nafasi ni chache. Njoo na chakula chako. Tunaondoka Jumamosi saa tisa, stoo ya Mzee Fazal. Kamanda." Mimi niliona mwezi ule wa juu. Mama yangu aliona siku thelathini.

Na ungemjua mama ungeelewa, kwa sababu kaka yangu Herman alikwenda machimbo ya dhahabu Geita akasema, "Mwezi mmoja tu, mama," na mwezi huo haujaisha, huu ni mwaka wa pili, salamu zinakuja kwa watu wa basi, yeye haji. Basi mama alisoma tangazo kwa sauti, akafika kwenye "hakuna nauli," akajipiga mapaja, "Nani anasafirisha watoto wa watu bure kama si wale wa machimbo?" Akina mama wakamfuata mpaka dukani, na mimi nyuma nimembebea kikapu.

"Shikamoo Mzee Fazal, lakini leo sijaja kununua."

"Marahaba, Mama Herman. Kuna nini?"

"Unawapeleka wapi watoto wetu mwezi mzima?"

"Mwezi gani? Mimi nauza sabuni!"

"Na huyu Kamanda ni nani? Mlete hapa nimkamue kama nguo!"

Fahim nyuma ya kaunta akanitazama, nami nikaitazama sabuni kana kwamba naiona mara ya kwanza maishani. Hakunitaja, Mungu ambariki. Baba yake alidhani tunasoma masomo ya ziada, haelewi lolote, lakini ameapa kwamba Kamanda asipojitokeza mbele ya wazazi kabla ya mwisho wa mwezi (mwezi tena, Dada!) stoo anaijaza chumvi na klabu imekwisha. Na mjini wapo wanaomwita mwizi wa watoto, sukari sasa wanafuata kwingine. Tulipokuwa tunarudi mama akaniambia, "Mwanangu, wewe una macho, nisaidie kumtafuta huyo Kamanda." Nikasema ndiyo, mama.

Na ndani ya siri kuna siri nyingine. Hiyo safari ya mwezini niliitunga mwenyewe, haimo kitabuni. Kamanda anakwenda kumchukua kaka yake aliyekwenda kuchimba huko juu akasahau njia ya kurudi. Sijampa jina la Herman, ila nimempa kicheko chake. Nikisema, mama atanifungia ndani na hadithi haitafika mwisho, nisiposema, Mzee Fazal atazidi kusingiziwa, na jina langu usilitoe, jibu lipite anwani ya shule, nifanye nini, Dada, maana pale stoo ndipo mahali pekee ambapo sauti yangu, nasikia ndala za mama, anakuja huku, karatasi inaingia chini ya unga

APOLONIA ANAJIBU

Kamanda,

Barua yako imefika na unga wake. Nimeisoma nikicheka hadi wenzangu hapa gazetini wakadhani nimepata mchumba. Sasa futa tabasamu.

Kwanza Kiswahili. Humu ndani umeandika "mwezini" bila kuhangaika. Kule nguzoni herufi mbili zilikushinda nini? "Safari ya Mwezini," watu wangekuona umechanganyikiwa tu, na aliyechanganyikiwa hawatishi wazazi kama dalali wa machimbo. Ulilisoma tangazo lako ukiwa Kamanda. Hukulisoma ukiwa mama mwenye mwana Geita.

Halafu Mzee Fazal. Mtu amekupa stoo bure, anaitwa mwizi wa watoto, nawe unatazama sabuni! Kuona haya si kosa, binti. Kumwachia mzee wa watu jina baya kwa sababu unaona haya, hilo ni kosa, na linanenepa kila siku unayonyamaza.

Unaogopa mama atakufungia ndani. Huenda. Huenda atafoka mpaka jirani asogeze kiti asikilize. Lakini wewe umesikia mama anamtafuta Kamanda, mimi nimesikia mama anayetafuta mtu wa kuzungumza naye. Kutwa nzima anaitwa kwa jina la mwanawe, na hakuna anayekaa naye akamuuliza habari zake. Wewe umemtungia Herman hadithi nzima, ukaisimulia kwa kila mtu isipokuwa yeye.

Mwambie mkiwa wawili, kabla hujasimama mbele ya mzazi mwingine yeyote. Usianze na klabu, na hiyo Fizikia usiiguse kabisa mpaka aulize. Anza hivi: "Mama, kulikuwa na msichana, kaka yake alikwenda kuchimba mwezini." Msimulie mpaka ulipofikia, kisha umwambie Kamanda ni nani. Akimaliza kufoka, nendeni pamoja dukani, umwombe Mzee Fazal radhi kwa mdomo wako, wale akina mama wakiwepo. Sauti ikienda likizo, isubiri hapo hapo. Fahim asikusemee.

Na mwisho wa hadithi usiutunge peke yako. Muulize mama angependa huyo kaka aseme nini akifunguliwa mlango. Atakachokisema kiandike, kitie kwenye bahasha, mpe mtu wa basi ampelekee Herman.

Umeniomba nisilitoe jina lako, sijalitoa. Lakini duka umelitaja, stoo umeitaja, Mama Herman umemtaja, na Shinyanga haihitaji zaidi ya hapo. Kwa hiyo jibu hili nimelitia posta kwako kwanza, na gazetini nimelizuia mpaka uwe umelipata. Kama unalisoma hapa na mama bado hajui, liweke chini sasa hivi uende jikoni. Akina mama wenzake nao wanasoma gazeti.