Bega la Mama na Swali Lako

Saluni ya Dada,
Nyuma ya Kiwanda cha Mikate,
Mlango wa Kijani.

Jumapili, 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Kwanza hali yako. Baridi ya huko imepungua, au bado unalala na soksi? Unakula chakula cha maana, au ni chai tu mbele ya kompyuta? Nataka jibu la kweli, maana lile la kwenye simu nalijua: "Niko salama, dada." Hata mtu aliyevunjika miguu yote miwili husema hivyohivyo kwenye simu.

Sisi huku tu wazima. Mimi miguu inaniuma kwa kusimama saluni kutwa, lakini hayo ni maumivu ya kazi, hayahesabiwi. Kaka yetu mkubwa, Spika wa familia, yu mzima na sauti yake ni nzima zaidi. Na mama hajambo. Lisome tena neno hilo polepole: mama hajambo. Ndiyo sababu nimekaa kukuandikia, kwa sababu kwenye simu ungenikatiza useme hukufanya kitu.

Ngoja nikueleze mambo yalivyokuwa upande wetu, maana mengi hukuambiwa. Bega la mama la kulia lilianza kumsumbua kabla hujaondoka, akalificha. Ulipoondoka likazidi. Fundi cherehani asiyeweza kuinua mkono ana kazi gani tena? Mkasi mkubwa ukamshinda. Mteja akija kuulizia nguo yake, anaambiwa kitambaa kinapumzika. Vitambaa vikapumzika mpaka vikajaa chumba.

Daktari wa mifupa akampiga picha. Akasema hakuna kilichokatika, ila ndani ya bega nafasi ni finyu na kuna kusuguana, na kwamba anaweza kumpasua ili apanue nafasi hiyo. Siku ya upasuaji ikapangwa.

Spika akaitisha kikao. Vikao vyetu unavijua: mkubwa anasema kwanza, halafu mjomba, shangazi, wifi yangu na mimi tunasema "kama alivyosema kaka", kisha chai. Safari hii alikuja na ushahidi kabisa. Fundi viatu wa pale kona alipasuliwa bega, na sasa anagonga nyundo kama kijana. Basi, mama apasuliwe. Mama mwenyewe alikuwa kwenye kiti cha pembeni akikunja vitambaa. Niliposema tumsikie na yeye, Spika akanijibu kwamba mgonjwa haulizwi uji.

Ndipo nikakupigia. Nilitaka uniambie ndiyo au hapana, basi. Wewe ukaniuliza, "Mama anataka bega lake limfanyie nini?" Nakwambia ukweli, nilikasirika. Nikasema moyoni, tumemsomesha mtoto miaka yote hii ili na yeye aje kutuuliza maswali. Lakini nilikwenda kumuuliza. Akasema anataka kukata kitambaa bila kung'ata meno. Akaongeza kwamba kuna jambo la pili, ila hilo atalisema siku yake. Nilijaribu kumchimba, nikashindwa. Unamjua.

Halafu ukanieleza mnavyofanya kazi huko kwenu, kwenye kupitia tafiti za tiba: kila utafiti unasomwa na watu wawili, kila mmoja kivyake bila kuchungulia kwa mwenzake, ndipo wakutane walinganishe, na wakitofautiana anaitwa wa tatu. Ukasema nasi tujaribu. Nikakufuata neno kwa neno. Spika nikamweka jikoni, mjomba kibarazani, shangazi chumbani, na wifi yangu nikamkalisha saluni chini ya mashine ya kukaushia nywele. Nikazunguka nikimuuliza kila mmoja peke yake: mama apasuliwe sasa, au tumuulize daktari kwanza kama kuna njia nyingine?

Wote walitaka tuulize kwanza, isipokuwa Spika. Hata mjomba, aliyekuwa ameitikia kwa kichwa mpaka kofia ikamdondoka. Tumezoea kusema penye wengi haliharibiki neno. Kumbe miaka yote wale wengi wetu walikuwa mtu mmoja.

Nimtendee haki kaka yetu: alikuwa na hofu. Baadaye aliniambia hawezi kumtazama mama aking'ata meno kila akishika kikombe, alitaka tu jambo liishe.

Kuhusu yule fundi viatu, uliniuliza waliopasuliwa wasipone wako wapi, na waliopona bila kupasuliwa wako wapi. Nilidhani ni maneno ya wasomi. Nikaanza kuwauliza wateja wangu nikiwa nawasuka. Mwalimu mmoja alipasuliwa na bado bega linamuuma. Muuza magazeti alipona kwa mazoezi. Mwingine alipona bila kufanya lolote, na daktari hakumwona tena. Aliyepona kwa kisu anasimulia mtaa mzima, hao wengine hakuna aliyewauliza.

Nilipokuletea habari hizo kwa furaha, ukacheka ukasema hadithi za saluni nazo si ushahidi. Ndiyo maana nyinyi mnatafuta tafiti zote za jambo moja, hata zile ambazo wenyewe walizifungia kabatini kwa sababu majibu hayakuwapendeza, mnapima kila moja ilivyofanywa, ndipo mnafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza nikaelewa unachofanya huko. Spika amekuwa akiwaambia watu kazi yako ni kusoma walichoandika wenzako. Sasa ninamjibu: ndiyo, na anakisoma chote.

Ukanieleza tafiti hizo zikiwekwa pamoja zinasemaje. Kwa bega kama la mama, lisilovunjika wala kukatika kano, waliopasuliwa na wasiopasuliwa hawakupishana sana, si kwa maumivu wala kwa kutumia mkono. Na wapo waliokubali kuchanjwa ngozi tu na kushonwa, bila wao kujua kama ndani kumeguswa, ili ukweli ujulikane. Hao nao walipata nafuu karibu sawa na wenzao. Nilishangaa kwamba kuna watu wanakubali jambo kama hilo kwa faida ya wasiowajua. Nawashukuru, na nawaombea popote walipo.

Tukaenda kwa daktari, mama na mimi. Nilijua tutafukuzwa. Mzee wa watu alivua miwani, akasikiliza mpaka mwisho, akasema swali letu ni zuri, kisu hakikimbii, tuanze na mazoezi. Akatuandikia barua kwa mtaalamu wa viungo. Mtaalamu huyo, mama wa makamo, alituambia hospitali yao imebadilisha utaratibu, sasa wagonjwa wa aina hiyo wanaanzia kwake, kwa sababu ya mapitio ya tafiti kama mnayofanya nyinyi. Nikamwambia mdogo wangu ni mmoja wa watu hao. Shingo yangu ilirefuka, ungeniona.

Sasa hayo mazoezi. Mpini wa fagio, kamba juu ya mlango, asubuhi na jioni. Mwanzoni hakuna kilichobadilika. Mama alivuta kamba akiutukana mlango, na Spika alikuja kila Jumapili kuuliza utafiti wetu unaendeleaje. Kisha mama akagoma. Kamba ikaning'inia pale siku baada ya siku, na mimi nikawa siwezi hata kula. Niliona kama nimemnyima mama mkono wake kwa kimbelembele changu. Nilishika simu nimpigie daktari atupe tena siku ya kupasua.

Unajua nani aliyeokoa jahazi? Spika. Alikuja, akaitazama kamba, akavua koti, akasema, "Haya mama, tuvute wote, tumbo langu nalo linahitaji." Mama alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ile wakawa wanavuta pamoja, yeye na kitambi chake, mama akimsimamia na kumkaripia asiibie.

Nafuu ilikuja kidogo kidogo, hatukuiona ikiingia. Siku moja nilisikia mkasi. Nikasimama mlangoni nikaukuta umepita kitambaa chote, na mama anaimba. Nikarudi saluni kumalizia nywele za mteja, machozi yananitoka, nikamwambia ni dawa ya nywele. Alhamisi hii ameshusha boksi la nyuzi kutoka rafu ya juu bila kumwita mtu. Asubuhi za baridi bado linamuuma, nisikudanganye.

Najua utaniambia mtu mmoja kupona si ushahidi, labda lingepona lenyewe. Sawa, bwana mkubwa. Mimi sikuandikii ushahidi, nakuandikia asante. Asante kwa kutoniambia ndiyo au hapana siku ile. Asante kwa kuuliza kile ambacho sisi tunaolala naye nyumba moja hatukuuliza.

Mjomba na shangazi wanakusalimu. Wifi yangu anakusalimu, anasema ile mashine ya nywele sasa ndiyo kiti chake cha kikao. Spika anakusalimu sana, na siku hizi anasema wa mwisho. Bado anasema kwa muda mrefu.

Na hilo jambo la pili, mama amelisema jana. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano, nami sikuwa nimemuuliza. Anasema siku tulipokusindikiza uwanja wa ndege alikukumbatia kiunoni, kama anayekumbatia mgeni, kwa sababu mkono ulikataa kupanda. Wewe ni mrefu. Anadhani ulimwona ana haraka ya kukuacha, na limemkaa rohoni tangu siku hiyo. Anachotaka ni kukushika shingo. Kila jioni akimaliza na kamba, anasimama kwenye fremu ya mlango na kupandisha mkono hadi pale anapokumbuka mabega yako yanafika. Jana amepapita.

Mungu akulinde, akupe likizo, na akuongoze njia ya nyumbani.

Wako akupendaye daima,
Dada yako, msusi