Shahidi Siyo Mtia Saini

Chumba cha uani, nyuma ya kinyozi
Jumanne mchana

Mpendwa Dada,

Basi simu ikakatika pale pale nilipofika kwenye mate! Ngoja kwanza nikusalimie, usije ukasema sina adabu. Hujambo? Shemeji mgongo umeacha kumsumbua? Sisi wazima, ila kinyaa kimetukaba.

Mjomba anataka kuiuza hii nyumba ya babu, na Mamdogo yumo humu humu, hana pengine pa kulaza ubavu. Jana kaja na karani wa wakili na karatasi ya mauzo, kanyoa ndevu, ananukia kama bwana harusi. Akamwambia Mamdogo, "Wewe ni shahidi tu, weka dole gumba hapa yaishe."

Pedi ya wino ilikuwa kavu. Dada, Mjomba akaitemea mate! Pwaa! Akakamata kidole cha Mamdogo akakisugua mle kama anasugua sufuria. Mtu mzima na mvi zake!

Shule niliikimbia, lakini mdomo ninao. Nikamuuliza karani, "Eti baba, huyu ni shahidi?"

Akakohoa. "Hapana, mama. Ni mtia saini."

Kumbe shahidi anaangalia tu wenzake wanavyosaini, hata jirani anafaa. Mtia saini ndiye mwenyewe anayekubali, likimgeukia hawezi kusema sikujua. Na dole gumba ni saini vile vile.

Mamdogo akauchomoa mkono kabla dole halijagusa karatasi, utadhani kashika kaa la moto. Mjomba akanigeukia, "We mbea, nani kakuita?"

"Mate yako, Mjomba!"

Karani alicheka mpaka akajificha nyuma ya mkoba.

Sasa sikia. Watia saini ni watatu: Mjomba, Mamdogo, na wewe mkubwa wetu kwa nafasi ya marehemu mama. Hiyo karatasi itakufikia, na atakubembeleza eti unashuhudia tu. Usithubutu! Mamdogo tangu jana anaosha kidole, anasema hakitakati.

Nisalimie shemeji, mapacha, na yule wifi yetu mcheshi. Mungu awakinge na ndugu wa namna hii.

Loo, kinyozi ananiita! Anasema Mjomba yupo mlangoni, anamwita Mamdogo "mdogo wangu kipenzi", tena kwa sauti ya upole. Upole, Mjomba! Naenda mbio.

Mdogo wako, wa kufa na kuzikana