Livu Yangu ya Pemba na Matanga Yako

Usagara, Tanga
Jumanne, 9 Februari 1954

Mpendwa binamu yangu Ame,

Nakuletea salamu nyingi kuliko karafuu za Pemba nzima, na ukitaka kuzihesabu anza sasa hivi maana una kazi. U hali gani? Mgongo je? Na lile goti lako lililokuwa likitabiri mvua, bado linatabiri au nalo limestaafu? Shemeji Riziki hajambo? Wajukuu wanakua? Sisi huku alhamdulillahi, tunakula, tunalala, tunatoka jasho. Mimi mwenyewe ndiyo usiseme. Juzi sokoni mtu alinikisia miaka arobaini na tano. Mke wangu Time anasema mtu huyo haoni vizuri, lakini wewe unajua wivu wa wanawake.

Naandika mwenyewe kwa herufi zetu za Kiarabu za chuoni, skuli sikuiona. Pakiwa na doa ujue ni jasho limedondoka, si kosa.

Kabla ya yote, Ame, ukisikia kwa mtu yeyote kwamba umekufa, usishtuke. Si kweli. Nitakueleza, ila keti kwanza.

Joto la mwezi huu sijaliona tangu nizaliwe. Upepo hakuna hata wa kuzima kibiriti. Nguo ukizianika asubuhi, jioni unaziondoa mbichi kuliko ulivyozitundika. Chumvi imekuwa maji ndani ya kopo. Wiki iliyopita kuku wa jirani yangu Mselem alitaga yai hapa uani juani, nikalimenya limeshaiva, nikalichovya kwenye ile chumvi ya maji, nikalila. Mselem anasema yai hilo hakuliona. Atalionaje na mimi nimeshalila?

Sasa sikiliza shauri langu. Wajua nilimpikia yule bwana wa mkonge kule Pongwe miaka ishirini na miwili. Kila joto likizidi, bwana anafunga masanduku anakwenda kwao livu. Miezi mitano! Harusi hana, mgonjwa hana, msiba hana. Anakwenda tu, kupumzika. Na kila akirudi amekonda kama ufito, maana kule kwao hakuna wa kumpikia. Akionja mchuzi wangu siku ya kwanza machozi yanamtoka, mpaka bibi yake akawa ananionea gere. Basi nikawaza. Jua lililompiga yeye si ndilo lililonipiga mimi, na mimi nilikuwa na moto wa jiko juu yake? Kwa nini yeye apate livu ya ng'ambo na mimi nisipate? Nimeshaacha kazi, ni mtu huru. Nikaamua mwaka huu na mimi nakwenda livu, na ng'ambo yangu ni wewe.

Usicheke. Wete ni ng'ambo. Bahari iko katikati, serikali nyingine, bendera nyingine. Time aliniuliza, "Kwani Pemba hakuna joto?" Nikamwambia lipo, lakini lile ni joto la ng'ambo, mtu anatoka jasho akiwa mgeni, ameketi, analetewa dafu. Akaenda zake kugeuza nguo kwenye kamba.

Mpango wangu ni huu. Naondoka Jumamosi ya tarehe 27, kwa mashua ya mota ile inayoleta mchele huko kwenu. Nakaa wiki tatu. Nataka kitanda cha kamba nje barazani, upande unaopata kivuli cha asubuhi. Asiniamshe mtu ila kwa sala. Usinipandishe mkarafuu wala usinionyeshe shamba linalotaka kupaliliwa, mimi ni mtu wa livu. Siku moja nitaingia jikoni, niwapikie kuku wa bwana, na nakuonya mapema, shemeji akishamwonja atakuuliza miaka yote hii ulikuwa ukimlisha nini.

Sasa mambo yalivyoharibika. Jumatano iliyopita nikasema nianze kuaga mapema, watu wote wajue. Nikavaa kanzu ile nyeupe na kofia ya kazi ya mkono, nikaingia nyumba kwa nyumba. Nikifika nasema kama tulivyofundishwa: nasafiri, navuka bahari, kama nimewahi kukukosea niwie radhi. Kwa Mselem ndiko nilikoanza.

Mselem akaniuliza, "Unavuka bahari kuna nini?"

Nikamwambia, "Hakuna kitu. Nakwenda livu kwa binamu yangu Ame. Ame mzima wa afya."

Akanitazama, akanishika bega, akasema, "Mungu akupe subira, ndugu yangu."

Mimi sikutia maanani, nikadhani joto limempanda kichwani. Kumbe makosa ni yangu. Nani kwetu ameshavuka bahari bila sababu? Mtu anasafiri kwa harusi, kwa mgonjwa au kwa msiba. Harusi hawakualikwa, mgonjwa hawakusikia akiombewa msikitini, na mzee mzima amekuja na kanzu nyeupe saa tatu ya asubuhi kuomba radhi. Wakapiga hesabu wenyewe. Na kila niliposema hakuna aliyekufa, wakazidi kuamini, maana ndiyo desturi yetu, habari ya msiba haitolewi mara moja. Wakasema Massoud anaficha ili mkewe asishtuke.

Narudi nyumbani adhuhuri, nakuta mikeka imetandikwa, wanawake wamejaa ukumbini, Time yuko katikati amejifunika kanga anakulilia. Anakulilia, Ame! Bibiana, yule mama Mkatoliki wa nyumba ya nyuma ambaye mumewe anakata mkonge, ameleta chungu cha maharage kichwani na amepiga ishara yake ya msalaba mlangoni. Wanaume barazani wananipa mkono mmoja mmoja. Nikacheka. Nifanye nini, bwana? Nikacheka mpaka nikashika nguzo. Nikasikia mtu nyuma anasema, "Maskini, mshtuko umempata."

Nikapanda juu ya kinu nikapiga kelele kama mnadi: "Enyi watu, Ame yuko Wete, anakula mihogo!" Wapi. Mwalimu alikuwa ameshafungua msahafu. Ilibidi nikamshike mkono nimwapie kwa Mungu ndipo akasadiki. Akafikiri kidogo, akasema kisomo kilichoanzwa hakikatwi, basi tumsomee umri mrefu. Wakakusomea. Kisha tukala. Na nikwambie kitu, matanga yako yalikuwa mazuri sana. Wali uliiva vizuri, watu walijaa mpaka njiani, na maneno mema uliyosemewa hapo, wallahi, nilitaka kusimama niwasahihishe.

Ningeishia hapo barua ingekuwa ya kucheka tu. Lakini habari ilikuwa imeshapanda basi. Mselem, kwa wema wake, asubuhi ile ile alimpa dereva wa basi la Pangani salamu amfikishie dada yako Mwatima kule Bweni, ng'ambo ya mto, kwamba ndugu yake wa Pemba ametangulia. Mselem aliponiambia hivyo, mzaha wote ulinikauka kinywani.

Wewe na mimi tunajua. Miaka minne tangu afiwe na mumewe, na wewe hukwenda. Ulimtuma mtu na salamu, ukasema ni msimu wa karafuu. Naye akasema mbele ya watu kwamba hukumzika mumewe, na yeye hatakuzika wewe. Tangu siku hiyo jina lako halitajwi nyumbani kwake. Mimi nikijisahau nikalitaja, naletewa chai bila sukari.

Ijumaa baada ya sala nimeketi barazani nawaza nimpelekee nani habari ya kweli, nikamwona anakuja kutoka njia ya basi. Buibui lote vumbi. Ndara moja mguuni, nyingine mkononi kamba imekatika. Na yule dada ana miaka sabini kasoro kidogo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Wameshamzika?"

"Dada, Ame hajafa."

"Usinifanye mtoto, Massoud. Wameshamzika?"

"Wallahi hajafa. Ninayo barua yake ya mwezi uliopita, analalamika mgongo."

"Isome."

Nikaisoma. Akasema niisome tena. Nilipofika pale unaposema mgongo unakuuma lakini huutaki ule mwarobaini wa mkeo, akasema, "Huyo ndiye." Akakaa chini pale pale kizingitini. Baadaye akataka kujua nani aliyesema umekufa. Nikamweleza habari ya livu. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza hata neno, kisha akaivua ile ndara ya pili. Nisikufiche, nilikimbia mpaka uani kwa Bibiana. Kwa mbio zile hata vijana walipiga makofi.

Jioni wakati wa kula alikuwa na Time ndani, mimi niko mlangoni naogopa kuingia. Nikamsikia anamwambia, "Niliapa sitamzika. Na leo kwenye pantoni nilikuwa namgombeza mwenye pantoni kama mwendawazimu, namwambia vuta upesi, nitakosa chombo cha Pemba."

Time akamwongezea mchuzi. Mimi sina la kuongeza hapo, na unajua si kawaida yangu.

Mpaka leo hajarudi Bweni. Anasema basi lina joto. Jumapili nikaona anazifua kanga zake na kuzikunja upya, nikamchokoza, nikamwambia, "Dada, mzigo huo ni wa kurudi Pangani au wa kwenda livu?" Akasema, "Nimefunga nguo za kwenda Pemba. Nizirudishe vipi?" Nikadhani mambo yamekwisha, nikaanza kumpangia pahali pa kukaa kwenye mashua. Akanikatiza. "Siendi kwa mtu asiyeniita. Aniite mwenyewe, si wewe. Na anipe pole yangu."

Nikamwambia, "Pole ya miaka minne, dada?"

Akasema, "Nimeingoja yote hiyo. Nitaijua nikiisikia."

Sasa Ame, mimi ni mkubwa wako kwa mwezi na siku kumi, kwa hiyo nisikilize. Livu yangu yote iko mikononi mwako. Usipomwita, yeye atavuka pantoni kurudi kwake, na safari hii hatatoka tena, hata ufe kweli. Na mimi siwezi kuja kulala barazani kwako ninywe dafu huku najua dada yuko Bweni anakunjua kanga. Nitafungua sanduku nikae hapa hapa nitoke jasho na Mselem.

Mwandikie kwa mkono wako. Mashua inayokuletea barua hii inarudi Tanga wiki ijayo, mpe nahodha jibu. Usimweleze habari ya karafuu, wala mvua, wala mgongo. Mwambie pole kwa mumeo dada, nilikosa, njoo. Ukizidisha hapo utaharibu. Maneno mengi niachie mimi.

Ukikubali tutakuwa wageni wawili. Time haji, anasema mtu aliyepata raha ya nyumba isiyo na mume wiki tatu haondoki kwa hiari yake. Mwatima mpe chumba cha ndani, chenye dirisha la uani. Mimi baraza inanitosha, ilimradi kile kitanda kisiwe cha kunguni.

Nisalimie shemeji Riziki, umwambie asiogope kuku wa bwana, nitamfundisha. Nisalimie mwanao Faki na watoto wake, nisalimie na yule mzee wa msikitini aliyeniita mwongo mwaka ule, mwambie nakuja na ushahidi. Time anakusalimu sana, anasema samahani alikulilia kwa sauti. Mselem anakusalimu, haya zimemjaa. Mungu akuweke, akupe afya ya mgongo na goti, atukutanishe sote tukiwa tunapumua.

Ni mimi binamu yako, niliyekupenda hata siku ile ulipokuwa maiti,

Massoud

Nimeshaikunja barua, Mwatima amenifanya niifungue. Amekuja kuniuliza kama nimekuandikia kwamba yeye hakukusalimu. Nikamwambia ndiyo, nimeandika, ingawa nilikuwa nimesahau. Akasimama, akatoka, akarudi tena. Anasema niongeze hili: tarehe 27 kama utakuja kungoja pwani, uje na mwavuli, maana kichwa chako tangu utotoni hakiwezi jua.