Si Maji ya Mfongo, Baba

Tunduma,
Jumapili mchana.

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta ukiendelea vizuri, na kwamba kifua hakikusumbui kwa baridi ya huko Kibosho. Mimi mwili ni mzima na kazi zipo, malori ya hapa mpakani hayaishi kuharibika. Moyo ndio si mzima, na leo nimefunga kibanda ili nikuandikie.

Dada Veronika ameniandikia. Anasema tangu tumzike Mama huli hata nusu bakuli, na zamu yako ya kufungulia maji ya mfongo umemwachia jirani, wakati mfereji ule ulichimbwa na babu yako. Ukiulizwa unajibu, "Mikono hii imeshafanya ya kutosha." Niliposoma hapo nililia mbele ya wateja, mtu mzima na bisibisi mkononi.

Najua maneno hayo yameanzia wapi. Baba Mkubwa, kaka yako, aliyasema kwenye matanga mbele ya ukoo mzima: "Mtu mwenye mvi hajui kwamba betri si mtungi? Umetia maji ya mfongo, pikapu imegoma, mke amekufia njiani!" Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake, na kata ya pombe ya mbege mkononi. Nilinyamaza.

Baba, kosa si lako. Ni langu.

Kumbuka Krismasi ile nilipokuja. Bei ya kahawa ilishaanguka, petroli haishikiki, na pikapu ilikuwa imelala bandani kati ya migomba. Mama miguu ilikuwa imeanza kumkatalia kwenda kanisani. Nikamfungia redio humo ndani, asikilize misa akiwa amekaa kiti cha mbele kama bibi harusi. Ili asikuombe ufunguo kila mara, nilivuta waya moja kwa moja kutoka kwenye betri. Alinipigia vigelegele, nami nikajiona fundi kweli kweli.

Sasa redio ile, hata ukiizima, inaendelea kunywa umeme kidogo kidogo. Nilijua. Dawa yake ni kulegeza kibano cha hasi kwenye betri kila gari linapolala, na ni kazi ya dakika mbili kwa spana moja. Nilitakiwa nikuonyeshe. Lakini nilikuwa nawahi basi, nikajiambia nitaandika.

Nikaandika kweli, miezi mingi baadaye, tena kwa haraka: "Betri iongezwe maji." Maneno matatu, na kibano sikukitaja! Huku kwetu mafundi, ukisema maji unamaanisha maji ya betri, yale ya chupa yanayouzwa dukani. Huko nyumbani maji ni mfongo, yametoka mlimani na hakuna safi kuyapita. Veronika anasema uliyatuliza kwenye sufuria siku nzima, kisha ukayachuja kwa kile kitambaa cheupe cha Mama cha kanisani. Ulivyoitii barua yangu inaniuma, maana mimi niliyeiandika sikuifikiria hata nusu ya hapo.

Halafu, wiki tatu baadaye, ikaja asubuhi ile Mama alipoanguka jikoni. Ulizungusha ufunguo, ikalia tik, basi. Wanaume wakaisukuma mteremko wote hadi darajani na haikukohoa hata mara moja. Betri ikishakufa kabisa, gari lile halitawaka hata ulisukume mpaka Moshi mjini, kwa sababu altaneta, ile inayochaji betri, nayo inataka umeme kidogo wa kuanzia. Wakambeba Mama kwa machela, akakata roho kabla hamjaifikia lami.

Siku ya nne ya matanga, ulipokuwa umelala ndani, nilikwenda bandani nikafungua boneti. Nikatoa kile kibano cha hasi, nikaunganisha taa yangu ya kupimia kati ya kibano na betri. Ufunguo umezimwa, redio imezimwa, na bado taa iliwaka, hafifu sana, kwa mabaki ya umeme yasiyotosha hata kuamsha altaneta. Nikachomoa waya wa redio. Taa ikazimika. Nikafungua vifuniko vya betri nikachungulia, nikaona sahani zote za risasi humo ndani zimeota unga mweupe. Unga ule hauoti kwa wiki tatu, Baba. Unaota betri ikikaa bila chaji miezi na miezi. Ulipomimina maji yako, betri ilikuwa imeshakufa zamani. Hata ya dukani yasingeifufua.

Nikafunga boneti, nikarudi kukaa na watu. Baba Mkubwa akarudia maneno yake na wazee wakatikisa vichwa. Mimi, fundi umeme wa ukoo, niliona haya kusema kwamba waya uliomaliza betri niliufunga kwa mikono yangu. Nikakuachia mzigo wewe, siku nne tu baada ya kumzika mkeo, nikapanda basi.

Ukishaisoma barua hii mwenyewe, mpe Veronika aisome kwa sauti Jumapili baada ya misa, Baba Mkubwa akiwepo. Asiruke mstari hata mmoja. Na zamu ya maji uirudishe mikononi mwako.

Nisalimie Dada Veronika na mumewe, Shemeji Prosper. Nisalimie Mjomba Aloisi, aliyeshika machela mbele njia nzima asikubali kupokewa. Baba Mkubwa naye mpe shikamoo yangu. Simkasirikii, alisema alichokiona, na mimi niliyeona zaidi ndimi niliyefunga mdomo.

Nilifikiri kumwomba Veronika achume jani la isale, alifunge fundo, akuletee kwa niaba yangu. Nimeacha. Kwetu anayeletewa isale hana budi kusamehe, hata kama moyo wake haujafika huko, nami sitaki mila ikusemee. Ukinisamehe, niandikie. Usipoweza, usiandike kitu, Baba. Nitakuelewa.

Ni mimi mwanao,
Deogratias