Kituo cha Mvua Ndani ya Ngitili ya Baba

Kijiji cha Ipililo,
Maswa, Simiyu.
10 Februari 2026

Mpendwa mdogo wangu Bujiku,

Mwangaluka, ng'wana Masunga. Hujambo? Wifi yangu Generoza naye hajambo? Na Precious ameshaizoea baridi ya Finland, au bado analala na soksi? Sisi huku tu wazima wa mwili, tunamshukuru Mungu kwa hilo. Mama miguu inamsumbua, lakini bado anatugombeza kila asubuhi, kwa hiyo ujue hajambo.

Nimeona niandike, kisha binti yangu Violeth aipige picha barua akutumie, kwa sababu kwenye simu mama hukaa pembeni yangu akisikiliza kila neno. Mambo haya siwezi kuyasema mbele yake. Nawe isome ukiwa peke yako.

Pamba imekauka. Mahindi yaliota vizuri, yakaungua yakiwa hayajanifika hata kiunoni. Ng'ombe ndio usiseme. Wale walioletwa alipoolewa dada yetu Anna wamekwisha wote, na waliobaki tulikuwa tunawainua asubuhi kwa kuwashika mkia.

Sasa nikupe habari za kile kituo chenu cha kupimia mvua. Mlipokuja na wageni wenu wa mradi mkakisimika ndani ya ngitili yetu, mlimwambia baba akilinde. Mtaalamu wangu, mlisahau mnaongea na Msukuma! Malisho yakishafungwa kuwa ngitili, baba huyalinda vile alivyoyalinda babu: haingii ng'ombe, haliingii panga, halikatwi hata jani. Basi na kituo akakilinda hivyo hivyo. Nyasi zikapanda, migunga ikatanda juu yake, majani yakajaa kwenye kile kikombe cha mvua. Baba alikuwa akichungulia kutoka nje ya ua wa miiba, anarudi ameridhika. Hata kanisani alijisifu kwamba mvua ya Ipililo inasomwa Ulaya.

Wiki iliyopita alikuja fundi wa mradi kutoka Bariadi, Athanasi. Alipoona vile alishika kichwa. Alitueleza kwamba kikombe kilikuwa kinapata matone tu, mitambo yenu huko ikalinganisha na picha za setilaiti, ikaona kituo chetu kinadanganya, ikakiondoa kwenye hesabu zake. Tangu hapo, ule ujumbe wa mvua uliokuwa unatuingia kwenye simu ulikuwa unakadiriwa kwa vituo vya ziwani, upande wa Kalemela. Kule kweli imenyesha. Nchi za dunia nzima zinapeana habari za mawingu, na hakuna hata mtu mmoja aliyempigia baba simu kumwambia akate nyasi.

Niliuliza kitatengenezwa lini. Athanasi akasema vifaa vinasubiri kibali cha wafadhili, na wafadhili wenyewe wameanza kujitoa.

Mwezi wa kumi, baba mdogo Salu alipohamisha mifugo yake kwenda Katavi, baba naye alikuwa ameshafunga mizigo. Wewe ukampigia, ukamwambia asubiri, vipimo vinaonyesha mvua nzuri. Akakusikiliza, maana wewe ndiye msomi wake. Bujiku, nilikukasirikia sana, nisikufiche. Kisha nikafikiri kwamba nawe ulikuwa unasoma kilekile tulichosoma sisi, hasira ikaniisha, nikabaki na huzuni tu.

Jana alfajiri baba aliondoka na ng'ombe waliobaki, yeye na mume wangu Deogratias. Baba mdogo Salu alikuwa amesema kwa simu kwamba hata Katavi nyasi zimekwisha na wafugaji wageni wanafukuzwa. Nilimwambia baba. Akanijibu, "Mayu, mwanangu, hapa wanakufa nikiwatazama. Afadhali wafie njiani." Kabla ya kutoka alibomoa ua wa ngitili kwa mikono yake, kila mtu achunge atakavyo. Niliogopa kumwona akifanya vile.

Kisha akanivuta pembeni, akaniambia harudi tena. Akipata mahali atajenga hukohuko. Asipopata, basi. Mama hajui. Anadhani baba amekwenda mara moja tu, mpaka mvua ikinyesha. Jana jioni alifagia zizi.

Anna anakusalimu kutoka kwa mumewe kule Mkula. Violeth anamsalimu Precious. Mungu awatunze katika nchi hiyo ya watu, asiwanyime afya wala kazi, na sisi mtuombee.

Jumapili utapiga simu kama ilivyo kawaida yako. Mama atakuuliza, wewe uliyesomea mambo haya, mvua inanyesha lini ili baba yenu arudi nyumbani. Mimi nimeshindwa kumjibu. Nakuomba, mdogo wangu, usimtajie siku.

Wabeja sana.

Ni mimi dada yako akupendaye siku zote,
Kabula