Karatasi Kavu za Watoto wa Miezi Saba

Shinyanga, Jumapili alasiri, Novemba 1979. Mvua ya kwanza imepiga bati la nyumba hii ya Ngokolo kwa nusu saa, kisha ikaondoka.

Ninaandika ili nikiri, kwanza mbele ya nafsi yangu, kwamba kile nilichokiita ugunduzi wangu ni kosa.

Harufu ya udongo uliolowa imenirudisha kwetu Kagongwa, kwenye msimu wa pamba. Nilizaliwa wa miezi saba. Mama alinilaza ndani ya kikapu kilichojazwa pamba ambayo baba alikuwa bado hajaipeleka kwenye chama cha ushirika. Tulipokaa kuchambua pamba, alinisimulia jinsi nilivyolia wiki nyingi bila tone la chozi, na bibi akawa anasema, "Huyu analia kavukavu, sijui kama atakaa." Mama alicheka kila alipofika hapo, nami nilimwomba arudie.

Ni miaka minne sasa tangu tumzike. Ningetoa shahada yangu ili arudie mara moja tu.

Kwa hiyo somo hili la machozi ya watoto wachanga sikulichagua kwa ajili ya sayansi pekee. Nilipopangiwa wodi ya wazazi, nilikata karatasi ya kuchujia kuwa vipande vyembamba. Kipande hukunjwa ncha, kikaning'inizwa kwenye ukingo wa kope la chini kwa dakika tano, kisha rula ikaonyesha unyevu umeteremka hadi wapi. Watoto waliotimiza miezi yao waliilowesha vizuri, ijapokuwa chozi la kutiririka shavuni lilikuwa halijaanza kuonekana. Karatasi za njiti, kama wauguzi wanavyowaita waliozaliwa kabla ya wakati, zilitoka karibu kavu.

Wiki ya nne ya kupima, nazo zikaanza kulowa.

Furaha niliyoipata siwezi kuificha. Nilimwandikia mwalimu wangu aliyeko Dar es Salaam kwamba macho ya njiti, wakitunzwa vema, hukomaa kwa siku chache, na kwamba huenda wauguzi hawana haja ya kuuhofia ukavu wa macho hayo. Alijibu kwamba atapendekeza jina langu kwa masomo ya juu. Barua hiyo niliisoma hadi mikunjo yake ikaanza kukatika.

Juzi, Ijumaa, niliingia wodini mapema kuliko kawaida. Mama Kulwa, mkulima wa Ushirombo aliyejifungua mapacha njiti, alikuwa amemwinamia mmoja wao, akimkamulia tone la maziwa yake jichoni. Bibi wa mapacha alikuwa amemshika mtoto kichwa.

"Shikamoo, bibi. Mnafanya nini?"

"Marahaba, daktari. Tunakusaidia kazi." Akacheka. "Si unataka karatasi ilowe? Huyu Doto mchoyo, hatoi."

"Mnafanya hivi kila siku?"

"Kila ukikaribia kuja. Wodi nzima, mwanangu! Hata yule wa dirishani anayejifanya mtakatifu."

Mama Kulwa hakucheka. "Daktari, siku ile karatasi ya Doto ilitoka kavu, ukakunja uso, ukamwita sista, mkanong'ona. Nikajua mwanangu haponi. Nikasema, basi na ilowe."

Kwao maziwa ya mama jichoni ni dawa ya nyumbani. Hakuna aliyedhani anadanganya.

Ni uso wangu ulioharibu vipimo.

Nilikuwa nimepima watoto wote wa wodi ile, na sikuwahi kumweleza mama hata mmoja karatasi ile ni ya kazi gani. Nilidhani kueleza kungenipunguzia heshima.

Nakiri pia kwamba nilikaa ofisini saa nzima nikijishauri kunyamaza. Nani angejua? Lakini jicho la njiti likikwaruzwa au likiingiwa na ugonjwa, huenda lisitoe machozi ya kumshtua mtu. Lazima lichunguzwe kwa makusudi. Barua yangu ikisambazwa na wauguzi wakaifuata, hakuna atakayelichunguza. Doto ni mmoja wa njiti hao.

Nilirudi wodini, nikaketi kitandani kwa Mama Kulwa, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nikawaeleza wote kwamba ukavu ule si dalili ya kifo, ni uchanga tu, na kwamba mimi mwenyewe nililia kavukavu wiki nyingi.

"Kumbe na wewe njiti!" bibi akapiga makofi. "Ndiyo maana una haraka hivyo."

Wodi ikaangua kicheko. Nami nilicheka, na kwa kitambo kidogo nilikuwa tena miguuni pa mama, na nyuzi za pamba zimeninasa vidoleni. Kisha Mama Kulwa akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama sasa ninaweza kumpima Doto bila maziwa. Nikampima. Karatasi ilitoka kavu. Alinitazama usoni, si kwenye karatasi, nami nikajitahidi kumwonyesha uso uliotulia.

Mchana nilikwenda posta nikampelekea mwalimu wangu simu ya maandishi: barua yangu isisomewe mtu yeyote, vipimo vya kuanzia wiki ya nne si vya kweli, kosa ni langu.

Jibu lilifika jana. Masomo ya juu hakuyataja. Nimelisoma mara nyingi nikitafuta hasira au huruma, na sijaona hata moja:

"Nasafiri kwenda Mwanza, nitashuka kwako. Lete daftari lote. Usichane ukurasa. Stesheni ya Shinyanga, Jumanne, saa tatu asubuhi."